Tusiwaachie watunga programu waamue mstari wa Kiswahili ukatike wapi

WIKI chache kabla ya mahafali, mwanafunzi niliyeisimamia tasnifu yake ya uzamili aliingia ofisini mwangu akiwa na uso wa msiba. Nitamwita Saumu, ingawa hilo si jina lake. Tasnifu alikuwa ameitetea, karo ameimaliza hadi shilingi ya mwisho, vitabu vya maktaba amevirudisha, na hata joho la kukodi lilikuwa limekwisha kulipiwa. Lakini katika orodha ya watakaohitimu hakuwamo.

“Daktari, wananiambia sina alama za somo moja,” akasema.

“Somo gani?”

“Lile ulilotufundisha wewe.”

Nilifungua faili yangu na kuona alama zake zimo, tena nzuri. Tukaandamana hadi kwa karani. Karani alikuwa mtu muungwana. Hakutufokea wala kutuambia turudi kesho. Aliyafungua majedwali mawili ya Excel, la usajili na la alama, tukaona kwa macho yetu: jina la Saumu huku na jina la Saumu kule, herufi kwa herufi. Fomula iliyopaswa kuyakutanisha ilikuwa imekataa katakata. Karani akajaribu amri ya TRIM, ile ya kuondoa nafasi za ziada katika maandishi. Wapi! Jina la mtoto wa watu likagoma palepale.

“Mwalimu, hii mashine ina jini,” akaniambia.

Nilimwomba anipishe kidogo. Nikaitenga ile nafasi iliyo kati ya jina la kwanza na la pili, nikaiuliza Excel nambari yake. Katika jedwali la usajili ilikuwa 32. Katika jedwali la alama ilikuwa 160. Hapo nikajua mkosaji ni nani, na mkosaji alikuwa mimi. Saumu alijiunga na somo kwa kuchelewa, kwa hivyo wenzake wote niliwapiga chapa mwenyewe, ila jina lake nikalinakili kutoka ukurasa wa wavuti na kulibandika. Nilibandika jina pamoja na uwazi ambao si uwazi wa kawaida. Machoni pangu hazina tofauti hata ya unywele. Kwa mashine, walikuwa watu wawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria uwazi huu tunaouacha kati ya neno na neno kwa kubonyeza kitufe kirefu kuliko vyote kwenye kibodi. Sisi walimu wa lugha tunaweza kukesha tukibishana kuhusu ngeli na viambishi, lakini nafasi hatuijadili. Tunadhani uwazi ni uwazi tu, mahali ambapo hapana kitu. Kwa tarakilishi hapana “hapana kitu”. Nafasi ni herufi kama a na b. Ina nambari yake, na ina ndugu zake. Ile ya kawaida, nambari 32, inaipa programu ruhusa mbili: kuutanua au kuubana uwazi ili kingo za aya zilingane, na kuukata mstari hapo ukifika ukingoni. Ile nyingine, nambari 160, hufanana nayo kama shilingi kwa ya pili lakini imebeba katazo: usikate hapa. Maneno mawili yaliyounganishwa nayo husafiri pamoja. Yasipoenea yote mwisho wa mstari, yote hushuka chini.

Tuiite nani kwa Kiswahili? Nimewahi kusikia “nafasi isiyokatika”, ambayo inaeleweka lakini ni maelezo zaidi kuliko istilahi. Mwenzangu mmoja anapendekeza “nafasi shikizi”. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu jirani zetu wa Tanzania wana “shule shikizi”, na hizo ni shule za kushikilia tu hadi shule kamili ipatikane; nafasi hii si ya muda. Wanafunzi wa isimu wanajua mofimu huru na mofimu funge: moja husimama peke yake, nyingine haiwezi kuachana na mwenziwe. Kwa kuwa jozi hiyo tunayo tayari, na inabeba maana hasa tunayoitaka, basi nambari 32 naiita nafasi huru na nambari 160 naiita nafasi funge. Atakayepata jina bora zaidi aniandikie.

Huenda ukauliza kama haya si mambo ya watu wa kompyuta. Historia inasema vinginevyo. Uwazi kati ya maneno uliletwa na watu wa lugha. Warumi waliandika Kilatini maneno yakiwa yameshikamana kama siafu, na msomaji alilazimika kuyatenga mwenyewe, aghalabu kwa kusoma kwa sauti. Waliouzoesha ulimwengu wa Ulaya nafasi kati ya maneno ni watawa wa Ireland, karne ya 7 na ya 8, na sababu yao ilikuwa ya darasani kabisa: Kilatini hakikuwa lugha ya mama zao, wakahitaji kuona neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Paul Saenger amekieleza kisa hicho kwa urefu katika kitabu chake cha 1997, Space Between Words. Kwa maneno mengine, uwazi ni chombo cha kusomea, kilichobuniwa na watu waliosoma lugha kwa taabu.

Uwazi ulipokubalika, likazuka swali la pili. Kama mistari hukatwa penye uwazi, je, kila uwazi unafaa kukatwa? Wapangaji chapa wa zamani, waliopanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, walikuwa na majibu yao, na waliyarithisha kwa wanagenzi wao karakanani. Kompyuta ilipowapokonya kazi, elimu hiyo ilihitaji kuandikwa kwenye mashine. Donald Knuth, yule mwanahisabati wa Marekani aliyeunda programu ya TeX ya kupanga vitabu, aliipa alama yake mwenyewe, kile kiwimbi kiitwacho tilde, na sura nzima ya kitabu chake cha 1984 kuhusu namna ya kuzivunja aya kuwa mistari anaianza kwa kueleza wapi pa kukiweka. Mnamo 1987 nafasi funge ikapewa kiti rasmi katika orodha ya kimataifa ya herufi iitwayo ISO 8859-1, kiti nambari 160, na Unicode ikairithi hapohapo.

Sasa niseme ninachowalaumia watunga programu. Katika Microsoft Word, nafasi funge unaiweka kwa kubonyeza Ctrl na Shift pamoja na kitufe cha nafasi. Ukishaiweka, huioni. Utaandika kitabu kizima bila kujua iliko na isikokuwako, mpaka ubonyeze kile kitufe chenye alama ya aya, ¶, ndipo pazia lifunuliwe: nafasi huru zinaonekana kama vitone vinavyoelea katikati ya mstari, na nafasi funge inaonekana kama kiduara kidogo kilichoinuliwa. Kiduara hicho, jamani, ni pacha wa alama ya nyuzijoto. Katika herufi zote za dunia, walikosa nyingine?

Sisemi haya kwa kukisia. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka mswada wa insha kwa mchapishaji mmoja, nami kwa bidii ya mgeni nilikuwa nimeweka nafasi funge kila mahali nilipoona panafaa. Mhariri akafungua faili, akabonyeza ¶, akaona “saa°2 usiku” na “Sh°500”. Akanipigia simu kuniuliza kwa upole ikiwa insha zangu zinahusu hali ya hewa. Nilimweleza, akacheka, akasema ameelewa. Hakuelewa. Au yeye alielewa, msaidizi wake hakuambiwa. Sampuli ya kusoma iliporudi, viduara vilikuwa vimefutwa kimoja kimoja, na kwa kuwa kila kiduara kilikuwa ndicho uwazi wenyewe, nikasoma kurasa tele za “saa2 usiku” na “Bw.Hamisi”. Nilishinda wiki nzima nikiyatenganisha tena.

LibreOffice Writer, programu isiyolipiwa ambayo naona vijana wengi wanaitumia, imelishughulikia jambo hili kwa busara zaidi. Njia ya kuiweka ni ileile, lakini ukishaiweka hupata kivuli cha kijivu nyuma yake pale pale kwenye skrini, bila wewe kubonyeza kitu kingine. Kivuli hicho hakichapwi karatasini. Unaandika huku unaona, na mwenzako akipokea faili anaona. Dosari yake ni kwamba kijivu hichohicho ndicho kinachotumiwa kuonyesha mambo yanayojijaza yenyewe, kama tarehe na nambari za kurasa, kwa hivyo mgeni anaweza kudhani kila penye kijivu hapaguswi. Hata hivyo, ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kivuli kinachojitokeza kuliko kiduara kinachojificha. Word inamchukulia mwandishi kama mtu asiyepaswa kusumbuliwa na mambo ya jikoni. LibreOffice inamchukulia kama mpishi.

Wavuti nako ndiko balaa lilikozaliwa. Lugha ya kuundia kurasa za wavuti hula nafasi: ukiandika nafasi huru tano mfululizo, msomaji huona moja. Waundaji wa kurasa wakagundua zamani kuwa nafasi funge hailiwi, wakaanza kuitumia kama kabari ya kusukumia maneno kando, kazi ambayo haikuumbiwa. Ndiyo maana ukinakili maandishi kutoka mtandaoni na kuyabandika kwenye mswada au jedwali, unabeba wageni usiowaona. Na ile TRIM ya karani haikuwa na jini. Imeundwa kuondoa nambari 32 pekee, na kampuni yenyewe imeeleza hivyo katika maelezo yake ya matumizi.

Lakini kuwalaumu watu wa Marekani tu ni kujipendelea. Hebu tujiulize sisi: Kiswahili kinataka nafasi funge iwe wapi? Sijawahi kukutana na mwongozo wa uandishi wa Kiswahili mezani pa mhariri unaolijibu swali hili. Tunao miongozo ya herufi kubwa, nukta, mkato na ritifaa. Kuhusu mwisho wa mstari, kimya.

Mahali pengine jibu liko wazi wala halihitaji kamati. “Sh” isibaki mwisho wa mstari huku 500 ikianza mstari mwingine. “Saa” isiachane na 2, wala “Oktoba” na 20, wala “uk.” na 45. Dkt., Prof., Bw. na Bi. wasitenganishwe na wenye majina. Haya hata magazeti hujaribu.

Majina yetu ndiyo yanayoumia zaidi, na kwa haya hakuna programu kutoka ng’ambo itakayotusaidia kwa kujituma. Chukua “Muyaka bin Haji”. Ukikata mstari baada ya “bin”, umemwacha mtu mlangoni kwa mwenyewe bila kumtaja mwenye nyumba. Chukua “Mwana Kupona”, bibi yule aliyetunga utenzi wa wosia kwa bintiye mnamo 1858. Nimewahi kumwona katika kitabu cha wanafunzi “Mwana” akiwa mwisho wa mstari na “Kupona” mwanzo wa mstari uliofuata, tena ukurasa wa pili. Mwanafunzi aliyekuwa akitusomea kwa sauti alisita, kisha akasoma kana kwamba kuna mtoto mgonjwa anayetarajiwa kupona. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakukosea, alisoma alichopewa.

Neno jingine ambalo ningelifunga bila kusita ni “si” ya kukanusha. “Mshtakiwa si” mwisho wa mstari, “mwizi” mwanzo wa mstari mwingine: jicho lenye haraka huokota “mwizi” na kuiacha “si” huko juu. Katika safu nyembamba ya gazeti, ambapo mstari una maneno matatu au manne, jambo hili si la nadharia. Ikitokea kwamba mstari huo ni wa mwisho wa safu, na “mwizi” akaanza safu inayofuata juu kabisa, basi heshima ya mtu imening’inia kwenye uwazi mmoja.

Kuna wenzangu wangependa twende mbali zaidi ya hapo. Wanatolea mfano Kipolandi na Kicheki. Wapolandi hawapendi kabisa neno la herufi moja libaki likining’inia mwisho wa mstari, nao wanayo mengi, yale ya maana ya “na”, “katika” na “pamoja na”. Wacheki vilevile wana vihusishi vya konsonanti moja tupu, na hata wamejiundia programu ya kupita kwenye matini na kuvifunga vyote. Kwa hivyo, wanasema wenzangu, nasi tufunge “wa”, “ya”, “cha”, “la” na “na” zisiachwe na maneno yanayozifuata.

Hapa nasema hapana. Andika “mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa idara ya maji ya jiji la Nairobi” uhesabu viunganifu: sita katika kirai kimoja. Kicheki hakina msongamano huo. Zaidi ya hilo, maneno yetu ni marefu kwa asili, kwa sababu tumechagua kuandika kiima, wakati, mtendwa na mzizi kama neno moja. “Watakapowakumbusha” ni sentensi ya Kiingereza yenye maneno manne au matano. Mstari wa Kiswahili tayari una sehemu chache za kukatwa. Ukizifunga na hizo “wa” na “ya”, programu itabakiwa na vipande virefu isivyoweza kuvipanga, nayo italipiza kisasi kwa kutanua uwazi uliobaki mpaka aya ionekane kama kinywa chenye mapengo. Hali huwa mbaya zaidi katika matoleo ya zamani ya Word, ambayo nafasi funge haikutanuka pamoja na wenzake. Mstari mmoja ukawa na mapengo mapana na mengine membamba. “Wa” kubaki mwisho wa mstari haimpotezi msomaji wa Kiswahili. Inamwambia tu: subiri, kinakuja kitu cha ngeli fulani.

Penye faida kubwa kuliko kote, na ambapo nashangaa hatujapatumia, ni ushairi.

Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo lina ukwapi wa mizani nane na utao wa mizani nane. Wazee waliotuandikia kwa herufi za Kiarabu walijua kwamba mgao huu lazima uonekane. Katika miswada mingi ya tenzi, vipande vinne vya ubeti vimepangwa kwenye mstari mmoja na kutengwa kwa alama, msomaji asipotee. Sisi tuliohamia herufi za Kilatini tumeacha kazi hiyo kwa mkato peke yake, na mkato hauna uwezo juu ya programu. Nitatunga mshororo mmoja wa mfano hapa hapa, msinihukumu kwa ufundi: “Kalamu imeninyima, usingizi wa mchana.” Uweke kwenye safu ya gazeti au kwenye rununu ya bei nafuu, na unaweza kuupata hivi:

Kalamu imeninyima, usingizi
wa mchana.

Mshororo wa mizani kumi na sita umegeuka kumi na mbili na nne. Kina cha kati kimezama tumboni. Mwanafunzi anayejifunza kuhesabu mizani kwa jicho anahesabu upuuzi. Ukiwa mwalimu wa shule ya upili unajua ninachozungumzia: mtoto anaulizwa bahari ya shairi kwa kuzingatia vipande, naye anatazama karatasi inayomwonyesha vipande ambavyo mtunzi hakuvikata.

Wengi hutibu ugonjwa huu kwa kubonyeza Enter baada ya ukwapi. Dawa hiyo hufanya kazi kwenye skrini yako tu. Ikifika kwenye skrini pana, shairi la mishororo minne linakuwa la mistari minane bila sababu. Ikifika kwenye nyembamba zaidi, linakatika pale ulipokata na tena pale usipotaka. Nafasi funge inafanya jambo la werevu zaidi. Funga nafasi zote zilizo ndani ya ukwapi, funga zote zilizo ndani ya utao, uache huru ile moja tu baada ya mkato. Penye upana wa kutosha mshororo utakaa mstari mmoja. Upana ukipungua, mstari una mlango mmoja tu wa kukatikia, nao ni mlango wa mtunzi:

Kalamu imeninyima,
usingizi wa mchana.

Nimelijaribu hili kwenye kipakatalishi, kwenye rununu na kwenye karatasi. Linakubali. Kazi yake ni ya kuchosha kidole, sikatai, lakini mtu aliyehesabu mizani kumi na sita mara ishirini hawezi kulalamika kuhusu vitufe vitatu.

Wafaransa wao hawachoki kidole. Uandishi wao unataka uwazi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta-mkato na nukta pacha, na uwazi huo usikatike, ama sivyo alama itaanza mstari peke yake kama yatima. Word ikijua kuwa unaandika Kifaransa hukuwekea nafasi funge hizo yenyewe. Mtu alikaa, akaijua kanuni, akaiandika ndani ya mashine. Matokeo yake yametufikia hata sisi: soma Kiswahili kinachoandikwa Kongo, kwa watu waliosoma shule kwa Kifaransa, mara nyingi utakuta “Habari gani ?” alama ikiwa imesimama mbali kidogo na neno. Mwalimu wa Nairobi atachora duara jekundu. Mimi ningeliacha. Wale angalau wanaandika kwa kanuni ya mtu aliyeifikiria. Sisi tunaandika kwa chochote ambacho mashine imeamua.

Hata waliofikiria huteleza. Mwishoni mwa 2022, kanzi ya CLDR, ambako programu nyingi duniani huchukua kanuni za kuandika tarehe na saa za kila lugha, ilibadilisha uwazi ulio kati ya saa na AM au PM katika Kiingereza cha Marekani. Palipokuwa na nafasi huru pakawekwa nafasi funge nyembamba, ambayo ni ndugu mdogo wa 160. Kwa kanuni za chapa walikuwa sahihi: saa isiachane na PM. Lakini programu nyingi zilikuwa zimezoea kusoma saa kwa kutafuta nambari 32 hapo; zilipoikosa, zikashindwa kuitambua saa iliyokuwa mbele ya macho yao. Mwaka uliofuata Google Chrome ikalazimika kuirudisha nafasi ya zamani. Karani wangu angesema nao wana jini.

Kiswahili kimo katika kanzi hiyo. Kina kanuni zake za tarehe, za fedha na za nambari, na kuna mlango wa watu kupendekeza marekebisho. Vyama vyetu vya Kiswahili, vinavyokutana kila mwaka na kutoa maazimio marefu, vingeweza kukaa asubuhi moja tu na kuamua: “Sh” na kiasi, “saa” na nambari, “bin” na “binti” na jina, “si” na kinachokanushwa. Ukurasa mmoja unatosha. Wachapishaji wangeupachika ukutani, na wale vijana wetu wanaounda programu wangekuwa na kitu cha kuunda.

Saumu alihitimu. Karani alifuta ile nafasi, akabonyeza kitufe kirefu mara moja, na fomula ikamkubali hapohapo kana kwamba hawajawahi kugombana. Alinitaka nimwandikie zile nambari mbili kwenye kikaratasi, nami nikamwandikia. 32 na 160.

Nami juzi nimemaliza kuhariri mashairi ya wanafunzi wangu kwa ajili ya jarida la idara. Nimefunga kila nafasi iliyo ndani ya ukwapi na utao, mshororo baada ya mshororo, nikamtumia kijana anayetupangia kurasa. Nikakumbuka yaliyonikuta kwa yule mchapishaji, nikamwongezea ujumbe: tafadhali, vile viduara si nyuzijoto, usivifute. Alinijibu baada ya dakika tano.

“Viduara gani, Mwalimu?”